Bwana Harusi Amesafiri

"Mtu ambaye hajafa na hayuko, huko chuoni kwenu anaitwaje?"

Mama mkubwa aliniuliza hivyo akiwa ameinama juu ya ungo, anachagua kunde, wala hakuinua macho kuona kama nitajibu. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, umri ambao mtu ana majibu kabla hajaulizwa. Nilikuwa nimeshawaeleza watu wa nyumbani kwamba paka mweusi ni paka tu, kwamba ndoto huletwa na chakula cha usiku, na kwamba mvua hainyeshi kwa sababu askofu ameiombea. Hakuna aliyekuwa ameomba maelezo hayo. Swali hilo moja nililoulizwa lilinishinda. Nikasema itabidi nikatazame vitabuni.

"Haya, katazame," akasema, akaendelea kutoa mawe kwenye kunde.

Aliyekuwa hajafa na hayuko ni mwanawe wa kiume, wa pekee. Kwa hesabu ya kwetu alikuwa kaka yangu, kwa sababu baba yake na baba yangu walitoka tumbo moja. Baba yake, aliyekuwa mkubwa wao, alifariki nikiwa shule ya msingi. Sisi tulikaa Mumbuni, mjini Machakos, maana baba yangu alikuwa mwalimu na aliamini maji ya mfereji ni maendeleo, hata mfereji wenyewe ulipokuwa ukitoa hewa. Mama mkubwa alibaki Mwala kwenye shamba la marehemu mumewe, pamoja na mbuzi, punda wa kubeba maji, na mwana huyo. Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, na kwa hiyo, kwa hesabu ya ukoo, walikuwa hawahesabiki.

Kaka alimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo familia iliamua kutoyazungumzia, akaingia biashara ya mbuzi. Alizunguka vijijini akinunua mmoja huku na wawili kule, na siku ya soko aliwapandisha lori hadi Machakos. Alikuwa akimfungua mbuzi mdomo, anatazama meno, anamwambia mwenye mbuzi umri wake, na mwenye mbuzi anaapa kwamba amedanganywa na aliyemuuzia. Kisha ananigeukia mimi: "Na wewe profesa, fungua tuone kama umekomaa." Nilimchukia kwa utani huo, na sijawahi kupata mwingine aliyeniita profesa, hata wale waliopaswa kuniita.

Alipotea mwaka mmoja hivi baada ya zile mvua za El Niño zilizotuzolea mabwawa ya mchanga. Hakukuwa na mkasa wowote wa kusimulia, na hilo ndilo jambo ambalo watu hawakumsamehe. Alifika sokoni, akauza mbuzi kadhaa, akawaacha waliobaki kwenye boma la mzee mmoja wa Kisomali, mnunuzi wake wa siku zote, akasema anaenda kunywa chai. Hiyo chai ndiyo anayoinywa mpaka leo.

Mzee yule alikuja Mwala mwenyewe na pikapu, mbuzi nyuma wanalia. Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa kifupi mno kwa miguu yake.

"Mama," akasema, "kijana aliniambia, nishikie hawa, nakunywa chai narudi. Nimewashika mpaka nimechoka. Wanakula, na mimi si baba yao. Nikasema niwalete."

"Na yeye?"

"Yeye nilidhani nitamkuta hapa."

Mama mkubwa akampa uji, na alipoondoka akamfungia kuku. Wengine hawakuwa wepesi hivyo. Kabla ya Jumapili, Mwala nzima ilikuwa imeshahukumu. Mzee angekaa na wale mbuzi angekuwa mwizi. Kwa kuwa amewarudisha, basi ni muuaji, maana nani hurudisha mbuzi kama hakuna kitu kinachomwasha moyoni? Nilimuuliza baba mdogo, yaani ndugu wa mwisho wa baba yangu, ambaye shamba lake linapakana na la mama mkubwa: mzee huyo angefanya nini ili aonekane hana hatia?

"Asingekuja kabisa," akasema.

"Asingekuja mngesema ametoroka."

"Si ndiyo. Unaona vile hana pa kutokea?"

Alisema hivyo kwa kuridhika, kama mtu aliyefunga mlango wa zizi.

Polisi tulienda watatu: mama mkubwa, baba yangu na mimi. Baba alivaa koti la mahafali ya shule kwa sababu aliamini askari husikiliza koti. Askari aliyekuwa mezani alikuwa kijana, na alikuwa akila mahindi ya kuchoma kwa makini sana.

"Ana umri gani?"

"Ishirini na minne," baba akasema.

"Huyo ni mtu mzima."

"Ndiyo. Amepotea."

"Mwalimu, mtoto ndiye hupotea. Mtu mzima huenda." Akang'oa punje kadhaa. "Alikuwa na mpango wa kando?"

"Kando ya nini? Hana mke."

"Sasa unaona? Pengine ndiyo ameenda kutafuta."

Aliomba picha. Tulikuwa na moja tu, ya shuleni, na katika picha hiyo kaka alikuwa amesimama nyuma ya mvulana mrefu kuliko wote darasani. Askari aliipeleka dirishani akaigeuzageuza.

"Yupi hapa?"

"Huyo wa sikio," mama mkubwa akasema.

Akaitazama tena, akasema atawaambia wenzake wawe macho. Nikiri kwamba kwa miezi mingi, kila nilipopita kituoni, niliwawaza askari wa wilaya nzima wakiwa macho, wanatafuta sikio.

Serikali iliposhindwa tukaingia kwenye taaluma nyingine. Kulikuwa na mganga upande wa Kivaa aliyesifiwa na kila mtu ambaye hakuwahi kumwendea. Alitikisa kibuyu chake, akamwaga mbegu juu ya ngozi, akanyamaza kwa muda unaostahili, akasema kijana yuko mahali penye maji. Mahali penye maji, huku Ukambani kwenye ukame. Kama ni kweli tungempata mchana mmoja. Kisha nikageuza shingo nikaona kwamba kutoka pale alipoketi mganga, bwawa la Masinga linaonekana lote, linang'aa kama sinia. Hakuwa amejichosha.

Mwezi huohuo mama wa maombi wa kanisa fulani la mabati alimwona kaka katika maono, amevaa suti nyeupe, yuko ng'ambo ya bahari, anakula vizuri. Mama mkubwa aliwashukuru wote wawili. Nikamuuliza mtu atakuwaje ndani ya maji ya Masinga na papo hapo ng'ambo ya bahari.

"Mbona wewe uko chuo Nairobi na bado unanisumbua hapa?" akasema.

Hivyo miaka ikapita. Kila kijana aliyeonekana kwa nyuma huko Mombasa, Nakuru au Garissa alikuwa yeye, na kila alipogeuka hakuwa yeye. Zilipokuja simu za mkononi, Mwala ikagundua njia mpya ya kumlaumu: kama yuko hai, mbona hapigi? Nilipouliza angepiga namba gani, ilhali simu ya kwanza kijijini ilinunuliwa miaka kadhaa baada ya yeye kupotea, niliambiwa kwamba elimu nyingi hufanya mtu abishane na wakubwa.

Sasa niseme habari za shamba, maana mtu anaweza kudhani haya yote yalihusu mapenzi.

Baba mdogo alikuwa na wana wanne na shamba la kuwatosha mmoja na nusu. Ng'ambo ya ua wa minyaa lilikuwa shamba la mama mkubwa, lenye mjane mmoja na kijana asiyekuwepo. Mwaka ulipoisha tangu kaka apotee, baba mdogo alikuja, kofia magotini, akasema kwa sauti ya upole ambayo hatukujua kwamba anayo: tumlilie kijana, tumalize. Watu wanyoe, padri asome misa, moyo wa mama upumzike.

"Unamlilia nani?" mama mkubwa akamuuliza. "Umemwona wapi amelala?"

Akaondoka. Wakati huo alikuwa na hakika kabisa kwamba kaka amekufa. Alitaja hata aina za vifo.

Kilichombadilisha imani ni habari kwamba mama mkubwa anataka kumwoza mwanawe.

Kwetu, mama ambaye mwanawe wa kiume amekufa kabla hajaoa anaweza kumletea mke. Ndiyo, huyo mfu. Mke anakuja, anakaa na mama mkwe, anazaa kwa njia anazozijua mwenyewe, na watoto wanaitwa wa yule aliyekufa. Jina halipotei na shamba linabaki na wenyewe. Niliwahi kuwaeleza wenzangu chuoni, watu wa makabila mengine, wakacheka mpaka wakashika kuta. Nikawaambia kampuni nayo si mtu, haioi wala haizikwi, na ina shamba kubwa kuliko la baba zenu. Wakaacha kucheka, lakini si kwa sababu walishawishika.

Kwa mama mkubwa jambo lilikuwa jepesi kueleza na gumu kufanya. Akifa bila mjukuu wa nyumba hiyo, shamba litaruka ua, na mwanawe akirudi siku moja hatakuta hata mlango wa kubisha. Akileta mke, shamba litakaa. Lakini mke wa namna hiyo ni wa mfu. Ili amlete ilimpasa asimame mbele ya ukoo aseme, kwa kinywa chake, kwamba mwanawe amekufa. Na hilo lilikuwa neno moja ambalo kila mtu Mwala alijua hatalisema.

Baba mdogo alilijua kuliko wote. Ndiyo maana, katika muda mfupi, akageuka kuwa mwenye imani kuu zaidi katika ukoo mzima. Kijana yuko hai, alisema kila mahali. Aliota ndoto. Alimtetea kwa watu waliosema amekufa. Mungu si binadamu, alisema, na kwa kuwa kijana yuko hai ataoa mwenyewe akirudi, haraka ya nini? Kwa sasa wanawe wanne watamlimia shamba lake lisiote kichaka, bure kabisa, kwa upendo.

Kikao kilifanyika Jumamosi moja nyumbani kwa mama mkubwa. Nilikuwa nimemaliza chuo na ninatafuta kazi, yaani nina muda mwingi na viatu vibovu, kwa hiyo nikaenda na baba. Wazee wa ukoo walikalia viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, na kivuli kilipopungua walisogea pamoja na viti bila kuacha kuongea. Waliletewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na hakuna aliyeanza kuzungumza la maana kabla sahani hazijarudi jikoni.

Mimi nilianza. Nilisimama nikasema kwamba mama mkubwa ana mabinti wawili, wazima, wenye akili, na kwamba sheria ya nchi inasema mabinti hurithi.

"Hiyo ni sheria ya Nairobi," mzee mmoja akasema bila hasira yoyote. "Mtoto wa mwalimu, kaa. Kuna chai."

Nikakaa. Kulikuwa na chai kweli.

Baba mdogo akasimama. Alisema anampenda sana shemeji yake, na kwa sababu hiyo anamwombea asikate tamaa. "Mama," akamwambia, "sisi hatukatai. Mila iko. Lakini mila iko na mlango wake, na sisi hatuwezi kuingia kwa dirisha. Tuambie tu hapa, mbele ya hawa wazee: mtoto amekufa? Ukisema amekufa, kesho tunaenda kutafuta msichana. Ukisema hajafa, basi tumngoje, aoe mwenyewe. Mtu aliye hai haolewi na mama yake."

Wengine wakacheka, kisha wakaona aibu. Nilimtazama baba yangu. Alikuwa anasafisha miwani. Baba yangu alisafisha miwani katika kila jambo zito la maisha yake.

Mama mkubwa alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, leso mapajani.

"Mwanangu amesafiri," akasema.

"Haya," baba mdogo akasema haraka. "Si mmesikia? Yuko hai. Tunashukuru Mungu."

"Sijamaliza. Wewe ulipooa ulikuwa wapi?"

"Mimi?"

"Wewe. Siku mbuzi za ntheo zilipopelekwa kwa kina mama watoto wako, ulikuwa wapi?"

Ntheo ni mbuzi watatu ambao upande wa mume hupeleka kwa wazazi wa msichana. Mengine yote yanaweza kungoja miaka, lakini bila mbuzi hao kwetu hakuna ndoa, hata mtu awe na pete, picha na keki ya ghorofa.

Baba mdogo akasema alikuwa Mombasa, bandarini, kama kila mtu anavyojua.

"Nani alipeleka mbuzi?"

"Mama alipeleka."

"Na nani alimvuta yule wa kahawia, aliyekuwa anakataa kutembea, kutoka hapa mpaka kule mlimani?"

Baba mdogo akaigeuza kofia yake mkononi.

"Ni mimi. Nilikuwa na mimba, nikamvuta. Bibi yako akaletwa hapa, akakaa na mama, akalima misimu yote miwili, na wewe hujamwona hata ukucha." Akawageukia wale wazee kwenye viti. "Na wewe hapo ulikuwa mkonge, Thika. Na wewe ulikuwa jeshini. Nyinyi mlikuwa mmekufa?"

Mzee wa jeshini ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kiti cha kanisa kikainama, na wenzake wakamfuata, kwa sababu ilikuwa kweli: nusu ya wanaume waliokuwa pale waliozwa wakiwa hawapo. Wakati wao mwanaume wa Kikamba alikuwa kazini mbali, na mama ndiye aliyemwolea, na hakuna aliyewahi kumdai mama huyo cheti cha kufa.

"Hao walikuwa wanajulikana wako wapi," baba mdogo akasema.

"Wewe ulikuwa unaandika barua?" mzee wa jeshini akamuuliza. "Mama yako alikuwa anakuja kwetu kuuliza kama kuna mtu amekuona."

Hapo kikao kiliisha, ingawa waliendelea kukaa mpaka chai ya pili. Msimamo ukawa huu: mama anamwolea mwanawe aliye safarini, kama ilivyofanyika siku zote. Hakuna aliyekufa. Baba mdogo, aliyekuwa amehubiri kwa miezi kwamba kijana yuko hai, hakuweza tena kumuua mbele za watu. Alikunywa chai yake yote. Niliona jinsi anavyoinywa.

Msichana alitoka upande wa Kivaa, na mama mkubwa alikuwa amempata mwenyewe kupitia jamaa. Hakuwa msichana mdogo. Alikuwa karibu umri wangu, na alikuwa na mtoto mmoja mgongoni ambaye hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani. Tulipeleka ntheo mwezi uliofuata, baba yangu akiwa msemaji wetu, katika lile koti la mahafali. Mbuzi walikaguliwa mmoja mmoja: masikio, pembe, miguu, kiwele. Mzee wa upande wa pili alimfungua mbuzi mdomo akatazama meno, na mama mkubwa akageuka akatazama barabarani mpaka mdomo ulipofungwa.

"Mbuzi ni wazima," yule mzee akasema. "Na bwana harusi tunamwona wapi?"

"Amesafiri," baba yangu akasema. Mtu aliyefundisha hesabu miaka yote ile bila kukubali jibu la kukisia, alisema bila hata kugusa miwani.

"Safari njema kwake," mzee akasema, na mbuzi wakafungwa.

Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeshangilia mama mkubwa alipomfunga baba mdogo mdomo. Lakini sasa mbele yangu kulikuwa na mwanamke mzima anayekabidhiwa mume ambaye ushahidi wake wote ni sikio. Nilimfuata mama mkubwa kwenye njia, tukirudi.

"Huyu msichana anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba hakuna mume."

"Mume wake ni mwanangu."

"Mama mkubwa, unajua ninachouliza."

"Wewe unauliza kila kitu," akasema. "Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza. Nilingoja mpaka aletwe Mwala, nikamkuta nyuma ya jiko anasugua sufuria kwa mchanga, nikaanza kwa mbali, na lugha yangu ya mikutano ya wanafunzi. Nikamwambia mwanamke ana haki ya kujua anaingia wapi. Nikamwambia kuna mambo ambayo huenda hakuelezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono bado ndani ya sufuria.

"Umemaliza shule yote?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na uko na kazi?"

"Bado."

"Na bwana?"

"Sina."

"Mimi niko na bwana na shamba," akasema. "Nipitishie hiyo ingine."

Nikampitishia sufuria ile nyingine. Nilirudi Mumbuni nikiwa na hakika kwamba nimekutana na mtu aliyedanganywa vizuri mpaka akaupenda udanganyifu wenyewe. Nilikuwa na nadharia nzima kuhusu jambo hilo, na niliieleza kwa watu kadhaa waliokuwa na subira.

Mume asiyekuwepo aligeuka kuwa mume mwenye bidii. Watoto walizaliwa, mvulana, msichana, mvulana tena, wote wakaitwa watoto wa kaka yangu, na wa kwanza, aliyekuja mgongoni, akahesabiwa pamoja nao. Baba mdogo, ambaye ucheshi wake ulirudi baada ya shamba kumponyoka, alikuwa akisema kwamba kwa mtu aliyepotea, kijana huyo anajua sana njia ya nyumbani. Mke wa kaka alimsikia siku moja akamjibu kwamba hata yeye baba mdogo alikuwa anaijua, tatizo lilikuwa ua. Sijui alimaanisha nini. Baba mdogo hakurudia utani huo.

Kuhusu kaka mwenyewe hatukujua zaidi. Askari wale walihamishwa, wakaja wengine ambao hawakuwa hata na habari za sikio. Mzee wa Kisomali aliendelea kununua mbuzi wa Mwala. Wale waliomwita muuaji walikuwa wa kwanza kumpelekea, maana bei yake ilikuwa nzuri. Mganga alikufa. Mimi nilipata kazi, nikaipoteza, nikapata nyingine, na nikizuru Mwala nilimkuta mama mkubwa akiwa na mjukuu mmoja au mwingine mapajani, akisema mbele ya yeyote aliyeuliza kwamba mwanawe amesafiri. Hakuwahi kusema vinginevyo. Hata mapadri walipobadilika na kila mpya akamwomba amtaje kijana katika misa ya wafu ya Novemba, alikataa, na kila mpya akajifunza.

Alifariki miaka mingi baadaye, kitandani mwake, mzee kabisa. Wakati wa kutayarisha mazishi kulizuka ubishi mfupi: kaka atajwe kanisani kama marehemu au kama mwana wa marehemu aliye safarini? Baba mdogo, mzee naye sasa na fimbo, akamgeukia mke wa kaka. Mke wa kaka ndiye aliyeamua. Alisema atajwe kama mama alivyokuwa akimtaja, basi. Nikafikiri: hata yeye bado anangoja. Nikasikitika, kwa namna ile ambayo mtu husikitika akijua kwamba alisema tangu mwanzo.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni wakiwa wamepungua, nilikuwa nimekaa naye nje tunamenya viazi. Nikamwambia kwamba ilikuwa vizuri alivyomheshimu mama mkwe, lakini sasa mama hayuko, na hakuna tena sababu ya yeye kungoja mtu.

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya mbali.

"Nani anangoja?" akasema.

Ndipo akanieleza. Mama mkubwa alikwenda Kivaa mara ya kwanza peke yake, kwa miguu na kwa mkokoteni wa punda, kabla ya kile kikao cha viti vya kanisa, kabla ya mbuzi hata mmoja kuchaguliwa. Alimwita yeye kando ya nyumba ya wazazi wake, akamtaka amshushe mtoto mgongoni kwanza, waongee wakiwa wawili tu. Akamwambia: "Mwanangu amekufa. Sijui wapi na sijui kwa mkono wa nani, lakini amekufa. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ndiwe utakayelala katika nyumba yake, na sitaki umngoje. Wengine sitawaambia, na wewe sitakwambia tena."